Fahali Wetu Alivyovalishwa Tai

Ninyi vijana wa nyumba hii, na wengine wote mtakaosoma haya, kwanza kaeni vizuri. Najua mnavyosoma siku hizi. Kidole kinapita juu ya kioo kama mtu anayefukuza inzi, mistari miwili tu mmeshahama. Mimi niliacha shule darasa la pili, nikaja kumalizia kusoma kwenye elimu ya watu wazima nikiwa na mtoto mgongoni, kwa hiyo kila neno lililoko hapa limenitoa jasho. Someni yote.

Mnanicheka kwamba mkiwasha sinema mimi natoka nje. Juzi mmoja wenu akaniuliza, "Bibi, kwani sinema ilikukosea nini?" Sinema haikunikosea. Mimi ndiye nilikosa, sinema ikaja kunisema mbele ya watu. Na kidogo ininyime mkwe, na ninyi msingezaliwa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kila kitu kiliruhusiwa. Mitumba ikaingia, video zikaingia, sabuni za kila rangi zikajaa madukani, na watu wakapunguzwa kazini. Babu yenu alipunguzwa kiwanda cha nguo. Wenzake walikaa vijiweni wakilia, yeye akarudi Kiseke na kofia yake ya kazi kichwani akasema, "Sasa nitawaona ng'ombe wangu mchana." Kiseke ya wakati huo si hii ya mageti na kuta. Ilikuwa mawe, mihogo, na nyasi za kutosha ng'ombe wetu tisa.

Kule chini ziwani kulikuwa na viwanda vya minofu. Sangara aliingia mzima mlango wa mbele, minofu ikaenda kwa ndege Ulaya, na mlango wa nyuma yakatoka mapanki, yaani kichwa na mgongo na mkia. Hayo ndiyo yetu. Tuliyakaanga. Silalamiki, kichwa cha sangara ukikikaanga vizuri na pilipili utasahau unalolalamikia. Nataka tu mjue kwamba tulijua nani anakula nini. Hatukuhitaji mtu aje kutueleza.

Sasa fahali. Mama yake alikufa akimzaa, wakati wa kiangazi. Nikamlea mimi kwa maziwa ya ng'ombe mwingine, kwa chupa, na usiku alilala jikoni kwangu karibu na mafiga. Alikuwa mwekundu, na baka jeupe kwenye paji la uso kama mtu aliyepakwa unga. Akakua akawa mkubwa kuliko mafahali wote wa Kiseke, lakini akili yake ilibaki ya mtoto wa jikoni. Ukimwita anakuja. Ukimkuna chini ya shingo anafumba macho. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, chumvi. Kwa chumvi angekufuata mpaka kanisani. Ukiipaka kwenye jiwe, atalilamba jiwe mpaka ling'ae.

Wakati huo baba yenu alikuwa fundi redio pale Pasiansi, na alikuwa amempenda mama yenu, aliyekuwa akisomea uuguzi Sengerema. Kila mapumziko alipanda kivuko kwenda ng'ambo na redio ya mtu mkononi, eti anakwenda kuirudisha. Redio hiyohiyo, miezi minne. Nikamwambia ama umwoe huyo binti ama umrudishie mwenyewe redio yake.

Baba wa binti alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Kagera, aliyehamia Sengerema. Mtu mrefu, koti hata kwenye jua, mwavuli hata kiangazi. Alikuja kwetu kuona ng'ombe wa mahari, pamoja na dada yake, shangazi wa mama yenu. Shangazi huyo alikuwa na macho ya kuhesabu vumbi. Aliketi kwenye kiti chetu kizuri akakifuta kwanza kwa leso.

Wazee wetu wakaanza mambo yao, ng'ombe wangapi, wa rangi gani. Mwalimu akanyanyua mwavuli. "Sisi kwetu utajiri ni migomba na kahawa," akasema. "Kwato sijui kuzihesabu. Lakini huyo mwekundu namtaka." Akamzunguka fahali mara tatu. Akamnyooshea mwavuli kwenye baka jeupe. "Huyu. Wengine mtajua wenyewe."

Tukakubaliana atapelekwa Sengerema binti akimaliza masomo.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kosa lilipo. Ng'ombe akishaonyeshwa kwa kidole mbele ya wazee, au kwa mwavuli, huyo si wako tena. Unamchunga, unamnywesha, unamtoa kupe. Lakini huwezi kumuuza, huwezi kumchinja, huwezi hata kumwazima jirani akalimie bila kuwauliza wenyewe. Hili sikufundishwa ukubwani. Nililijua kabla sijajua kuoga mwenyewe.

Nililijua, na bado nikafanya.

Walikuja asubuhi na gari lenye vumbi. Mzungu mmoja mwenye kofia ya majani, kamera, masanduku, na mkalimani wao, mtu wa Dar es Salaam mwenye miwani ya jua.

"Shikamoo mama," akasema mkalimani.

"Marahaba."

Akamgeukia babu yenu kama kijana mwenzake wa Kisukuma. "Vipi, ngosha!"

"Huyo ni mzee wa watu," nikamwambia. "Msalimie kama ulivyofundishwa."

Babu yenu akacheka, yeye kila kitu alicheka. Mkalimani akavua miwani, akasema shikamoo mzee, ndipo nikawapa viti.

"Sasa mama, huyu mgeni wetu anatengeneza sinema," akaanza. "Ni ya kuchekesha, ila ina ujumbe. Kuna kampuni kubwa yenye tamaa. Inachukua samaki wote wa ziwa, wananchi inawaachia mifupa. Ila wanaocheza ni wanyama."

"Kwa nini wasiwe watu?"

Akamwuliza mzungu. Mzungu akasema maneno mengi na mikono. Mkalimani akayafupisha. "Anasema watu wanaweza kushtaki."

"Na ng'ombe hawezi."

"Ndiyo hivyo mama. Mbuzi ni makarani. Bata ni wanahisa. Mkurugenzi mwenyewe anataka awe fahali. Mnene, mwenye heshima zake."

Babu yenu akanyoosha mgongo kama aliyeitwa ni yeye.

"Na mwema wao ni nani?" nikauliza.

"Fisi."

"Nani?"

"Fisi, mama. Ni mlinzi maskini wa kampuni. Ndiye anafichua wizi, mwisho anashinda."

Ninyi mmezaliwa kwenye taa za umeme, fisi mnamwona kwenye kitabu. Sisi tulijua kwamba fisi akipita nyuma ya nyumba usiku, la kujiuliza si anataka nini, ni mchawi gani kampanda. Fisi mwema sijawahi kumsikia hata kwa mlevi.

"Ndipo kichekesho kilipo, mama," mkalimani akasema. "Mambo yamegeuzwa."

"Ni fisi wa kweli?"

"Hapana, ni mtu ndani ya nguo."

"Basi mtu huyo na nguo yake akae mbali na zizi langu."

Mzungu akauliza tunataka nini kama shukrani. Nikageuka nikalitazama jiko langu. Lilikuwa la nyasi, na mvua ikinyesha nilipika na ndoo tatu zimenizunguka zikikinga maji. Nikasema mabati. Mzungu akatikisa kichwa kukubali haraka mno, nikajua ningeweza kuomba na milango.

Babu yenu akaninong'oneza kwa Kisukuma, "Na wakwe? Hatuwaulizi?"

"Siku tatu tu," nikamwambia. "Watajuaje?"

Wekeni alama hapo kwamba ni mimi. Babu yenu, pamoja na kucheka kwake kote, aliuliza.

Kazi yenyewe ilifanyika ufukweni Pasiansi, kwenye yale mawe. Waliweka meza kubwa, simu isiyo na waya, na kiti cha ngozi. Walimfunga fahali tai nyekundu, ndefu kama pazia, maana kweli ilikuwa imeshonwa kwa pazia. Pembe wakazifunga fremu ya miwani kwa uzi. Wanawake waliokuja kufua waliacha nguo zao majini wakapiga vigelegele. Mmoja akaniita, "Mama, huyo sasa utamsalimiaje?" Nikasema atanisalimia yeye, mimi ndiye nilimnyonyesha.

Mzungu alitaka fahali aketi kwenye kiti. Nilimwacha ajaribu mpaka saa sita. Kisha akataka atazame kwa dharau.

"Mwambie ng'ombe hana dharau," nikamwambia mkalimani. "Ana njaa na ana usingizi. Achague."

Ikabidi mimi nisimame nyuma ya kamera nimwite, ndipo aitazame. Siku mbili nzima nilisimama pale nikiita, na mzungu kila mara akinionyesha dole gumba. Ukweli usemwe, nilifurahia. Nilijiona na mimi ni mtu wa sinema.

Siku ya tatu kulikuwa na jambo lenyewe kubwa. Wanawake wawili maskini wanapita na sangara kwenye beseni, mkurugenzi anawapokonya. Wakaleta sangara mbichi mkubwa. Fahali akamnusa, akapiga chafya, akageuka kutazama ziwa. Wakamrudisha. Akageuka tena. Mzungu akavua kofia yake akaikanyaga. Jua linashuka, gari lao linaondoka kesho. Mkalimani akasema, "Mama, tusaidie. Bila hii hakuna sinema."

Nami nikawaza, bila sinema hakuna mabati.

"Leteni chumvi," nikasema.

Nikampaka yule samaki chumvi kwa mikono yangu hii, kichwa mpaka mkia. Fahali akamvamia akamlamba kwa ulimi wote, macho yamemtoka, tai imeingia kwenye beseni, anavuta mpaka wale wanawake wakaanguka kwelikweli. Mzungu alirukaruka kama mtoto aliyeona ndege. Alinikumbatia. Nilikuwa sijawahi kukumbatiwa na mtu mwenye ndevu nyingi kiasi kile.

Mabati yakaja. Jiko likaezekwa. Mvua ya kwanza ilipopiga juu yake nilikaa ndani nikasikiliza kama watu wanavyosikiliza kwaya.

Ukapita mwaka na zaidi kidogo. Mama yenu akamaliza uuguzi, siku ya kumvusha fahali ikapangwa. Na mwezi huohuo mkalimani akarudi na kaseti. Sinema imekamilika, imeonyeshwa Ulaya, sasa itaonyeshwa kwa wenye nchi, Jumapili baada ya misa, kwenye banda la video la Pasiansi.

Nikasema waitwe wakwe.

Baba yenu akasema, "Mama, si tuitazame kwanza sisi wenyewe?"

"Wewe redio ndiyo unaijua," nikamjibu. "Nyamaza."

Nilikuwa nimeshajipangia. Wataona fahali wao amefika Ulaya, anatazamwa na wazungu. Watafurahi, na kosa langu la kutouliza litayeyuka ndani ya furaha yao. Kiburi ndivyo kinavyopanga mambo, kinaweka kila mtu mahali pake na kila mtu anacheka.

Wakavuka asubuhi kwa kivuko. Mwalimu na koti na mwavuli, shangazi na leso yake, na mama yenu katikati, amesuka, mzuri, hajui pa kuweka mikono. Banda lilijaa. Madirisha yalizibwa kwa magunia, televisheni ilikuwa juu ya kreti za soda. Mwalimu aliwekwa benchi la mbele. Mimi nyuma yake.

Ikaanza. Niwaambie, ilikuwa mbaya. Sijui kwingine ilionekanaje, pale ilikuwa mbaya. Nusu saa ya kwanza ni wazungu wamekaa ofisini wanaongea lugha yao, na mkalimani amesimama pembeni anatafsiri: "Huyu anasema soko limeshuka. Huyu anasema halijashuka sana." Mtu mmoja nyuma akauliza, "Wanyama wako wapi?" Mkalimani akasema wanakuja. "Wamepanda meli gani?" Watu wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilikuwa cha kwanza siku hiyo, na hakikutoka kwenye sinema.

Kisha akatokea fahali wetu. Mkiambiwa banda lilitikisika, lilitikisika. Vigelegele, mbinja, wazee wanapiga fimbo chini. Yupo mezani, tai nyekundu, ametulia, baka jeupe linang'aa. Mzee mmoja wa Kisukuma akasimama kabisa akamsifu fahali kwa maneno ya kwetu, kama anavyosifiwa wa zizini. Nikamwona Mwalimu amegeuza kichwa kidogo. Amemtambua.

Halafu fahali akafungua mdomo akasema. Walikuwa wamempa sauti. Sauti ya mzungu mzee, ya mikwaruzo, kama mtu aliyelala na pombe akaamka nayo.

"Anasema, vyote ni vyangu," mkalimani akatafsiri, polepole.

Yule mzee aliyemsifu alikuwa bado amesimama, fimbo mkononi.

"Anasema, nyama nile mimi, mifupa wapeni hao."

"Nani kasema?" akauliza yule mzee.

"Mkurugenzi. Yule ng'ombe."

"Ng'ombe kasema hivyo?" Mzee alikuwa na uchungu wa kweli. "Ng'ombe gani anakula nyama?"

Akaja fisi sasa, yule mtu ndani ya nguo, analia machozi ya maji ya bomba, anaomba haki. Banda zima likainuka. "Fisi huyo! Mpige! Mfungie mlango!" Mwanamke mmoja akamfunika mtoto wake macho kwa kitenge. Kila fisi akitokea ni matusi, kila fahali akitokea ni vigelegele. Mkalimani akapaza sauti, "Jamani, fisi ndiye mwema!" Akajibiwa, "Kwenu!"

Mimi sikuwa nacheka, maana nilijua kinachokuja. Kikaja. Beseni, wale wanawake wawili, samaki. Na fahali wangu, niliyemlea kwa chupa, anamlamba yule samaki macho yametoka, anawaangusha watu maskini, na ile sauti ya mlevi inacheka juu yake. Kwenye kioo ilionekana ni tamaa tupu. Mtu asiyejua chumvi angesema huyu ni mwizi, hana aibu. Mwishoni walimwonyesha anaingia ziwani na ubao shingoni, mkalimani akausoma kwa sauti ya chini: "Mwizi." Fisi akabaki na kiti. Yakapita majina ya walioitengeneza, orodha ndefu.

Mnajua nilichofikiri? Nilikumbuka ngoma zetu, makundi mawili yanaposhindana, kila moja na watu wake na mbwembwe zake. Ukiwa tajiri mchoyo unatungwa wimbo, unatajwa kwa jina lako na la baba yako, na wewe umesimama palepale, huna pa kwenda, inabidi ucheze. Huko ndiko kumsema mtu. Hawa walikuwa na jambo la kweli kabisa, jambo la minofu na mapanki, sisi tulilijua kwa meno yetu. Lakini waliogopa kumtaja anayekula, wakambebesha ng'ombe wangu. Ndiyo maana haikuchekesha.

Magunia yakafunguliwa, mwanga ukaingia. Shangazi alikuwa wa kwanza kusimama.

"Waitu, jamani, hapana," akasema kwa kaka yake, lakini kwa sauti ya kutosha wote. "Huyu ndiye wa kupeleka Sengerema? Na Sengerema wana video! Tutaambiwa tumeozesha binti kwa ng'ombe mwizi."

"Shangazi," mama yenu akasema.

"Nyamaza wewe. Utakuwa mke wa nani, wa mkurugenzi?"

Watu wakaangua kicheko. Baba yenu alikuwa amesimama mlangoni, uso umemkauka kama udongo. Nikamtazama yeye, nikamtazama binti, mikono yake sasa imejua pa kukaa, imeziba mdomo. Babu yenu kwa mara ya kwanza hakuwa na cha kucheka.

Mwalimu akafunga mwavuli uliokuwa umefungwa tayari. Akanigeukia. "Mama, yule ndiye niliyemwonyesha?"

"Ndiye, Mwalimu."

"Anakula samaki?"

"Hali. Twende nyumbani ukamwone. Usiondoke kabla hujamwona."

Akatazama saa, akatazama binti yake. "Tutapanda," akasema.

Tukapanda Kiseke kwa miguu, na nusu ya banda ikatufuata, nani angebaki. Njiani nikanunua sangara mzima, mbichi, kwa mama mmoja aliyekuwa akitoka ufukweni. Shangazi akasema, "Na chakula chake mnambebea." Nikaongeza mwendo.

Fahali alikuwa chini ya mti wa zizini anacheua. Nikamwekea yule samaki mbele ya pua, kwenye beseni. Akanusa. Akapiga chafya, akanirushia mate hapa begani. Akageuza uso.

"Mara moja haitoshi," akasema Mwalimu. Alikuwa amesogea, macho yamechangamka. Nikaona huyu bado anafundisha. "Rudia."

Nikarudia. Fahali akapiga chafya tena. Watu wakapiga makofi.

"Sasa nisubirini," nikasema. Nikaingia jikoni, nikatoka na chumvi. Nikampaka samaki mbele yao, kama nilivyompaka siku ile. Fahali akamvamia, ulimi wote, macho nje, beseni likapinduka.

"Haya," nikasema, nimesimama na mikono ya chumvi. "Mwizi wenu ni mimi. Walishindwa, nikawaonyesha njia. Nilitaka mabati yale pale."

Mwalimu akalitazama jiko.

"Ulipopaka chumvi," akaniuliza, "ulijua ng'ombe huyu ni wangu?"

"Nilijua."

"Na hukuniuliza."

"Sikukuuliza."

Kwa hilo, angetaka, angeondoka na binti yake na asingepatikana mzee wa kumlaumu. Baba yenu alikuwa ameshika nguzo ya zizi kwa mikono miwili.

Mwalimu akamgeukia dada yake. "Nipe mkono wako."

"Wa nini?"

Akachota chumvi iliyobaki mikononi mwangu, akamnyunyizia kiganjani. Shangazi kabla hajauondoa, fahali alishaufikia. Alilamba kiganja, akalamba kifundo, akapanda mpaka kwenye kiwiko, akaishika leso akaanza kuitafuna kwa upole, macho yamefumbwa. Shangazi akapiga kelele, kisha kelele ikageuka, akawa anacheka mpaka amekaa chini, chini kwenye vumbi bila kufuta. "Ananipenda," akawa anasema. "Kaka, huyu ananipenda!"

"Ng'ombe hana kosa," akasema Mwalimu. "Tutamchukua. Huko video wakicheka, nitawafanyia jaribio hili hili." Kisha akanionyesha jiko kwa mwavuli, vilevile alivyomwonyesha fahali siku ile. "Lakini kazi aliifanya ng'ombe wangu, na bati hizo ni jasho lake. Kwa hiyo mama, paa lile ni langu. Siwezi kulivusha kwa kivuko. Jiko hilo nampa binti yangu."

Watu wakasema "Eee!" kwa pamoja. Mnajua maana yake, mama mzima kuambiwa jiko lake lina mwenyewe, na mwenyewe ni mkwe wake ambaye hajaingia hata mlangoni? Nilimeza mate. Yalikuwa ya chumvi.

"Nimekubali," nikasema.

Fahali alivushwa mwezi uliofuata. Babu yenu aliificha ile tai siku zote, akataka kumvalisha kwa ajili ya safari. Nikaichukua nikafungia mlango wa banda la kuku, na ilikaa pale mpaka ikaoza. Sengerema walimwita Mkurugenzi mpaka mwisho wake, na niliambiwa shangazi hakuwahi kumtembelea bila chumvi kwenye mkoba.

Mama yenu alipoletwa nyumbani, nililala siku hiyo nimeshahamisha vitu vyangu kutoka jikoni. Asubuhi yake nikawaita wote uani, babu yenu, shangazi zenu, baba zenu wadogo waliokuwepo, baba yenu na usingizi wake wa bwana harusi. Nikawaambia:

"Jiko lile ni la huyu. Kuanzia leo mtu yeyote wa nyumba hii akitaka kitu ndani yake, hata chumvi, asimame mlangoni aombe. Na mimi nikiwemo."